Kuvuna joto la boila: mafundi nawasifu, mkataba wa kaboni nimeukataa

Nianze na jibu, kwa sababu najua wengi mnasoma mkiwa kazini. Mfumo wa kuvuna joto, yaani kulikamata joto linalopotea na kulirudisha kazini, tuliofungiwa kwenye dobi yetu hapa Malindi ni kitu kizuri. Umetupunguzia dizeli kwa takriban moja ya tano, na mafundi walioufunga ningewaita tena kesho. Ile huduma ya pili iliyokuja nyuma yake, ya kutusajili ili tuuze kaboni, simshauri mtu yeyote mwenye boila ya ukubwa wa yetu aichukue. Nitazieleza zote mbili, na hesabu nitaianika kila mtu aipige mwenyewe.

Kwanza tujuane. Mimi na kaka yangu tunaendesha kiwanda kidogo cha kufua. Shuka, taulo, vitambaa vya meza na makoti ya wapishi kutoka hoteli na nyumba za wageni, za hapa mjini na za Watamu. Tuna boila moja ya dizeli inayotoa mvuke, na mvuke huo ndio unaochemsha maji ya mashine, unaopasha rola ya kupigia shuka pasi, na unaopuliza joto kwenye draya. Msimu wa wageni ukishamiri, Desemba hadi Machi, boila inakunywa lita 120 kwa siku. Masika yakiingia, hoteli nyingi hufunga na matumizi yanashuka sana. Kwa mwaka mzima tulikuwa tukichoma kama lita 30,000. Piga kwa shilingi 165 kwa lita, bei niliyofanyia hesabu hizi, uone kwa nini silali vizuri kila tarehe 14 ya mwezi, siku ya kutangazwa bei mpya za mafuta.

Mafundi walitoka Mombasa. Kilichonipendeza mwanzo kabisa ni kwamba hawakuja na bei. Walikuja na geji. Walitoboa tundu dogo kwenye dohani, wakapenyeza kipima joto, wakaketi wakisubiri boila ishike kazi. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye nyuzi 240. Kisha, kitu ambacho hakuna fundi mwingine aliyewahi kukifanya kwetu, wakazunguka kiwanda kizima wakipima kila kinachomwagika: maji machafu ya mashine yakishuka mferejini, matone ya moto yanayotoka kwenye rola, hewa ya draya inayopulizwa nje ya ukuta. Mzee wetu wa boila, ami ambaye ameilinda hiyo boila tangu tuinunue, alikuwa amekunja uso siku ile. Alipoona wanapima mpaka mfereji akaniita pembeni, "Bibi, hawa watoto wanajua kazi."

Walichotuambia kilinishangaza. Mimi nilidhani hasara yetu iko juu, kwenye dohani, kwa sababu moshi ndio unaoonekana. Wao wakasema dohani ni sehemu ndogo. Joto letu kubwa linashuka chini na maji. Ukilifikiria, ni kweli. Unachemsha maji hadi nyuzi 60 na ushei, unafulia taulo kwa dakika kadhaa, halafu unafungua vali na maji yale yote yanakwenda shimoni yakiwa bado yanaunguza mkono. Na mvuke ukishatoa joto lake ndani ya rola unageuka kuwa maji safi kabisa, yasiyo na chokaa, ya nyuzi 80 au 90. Maji hayo sisi tulikuwa tunayamwaga, kisha tunaingiza boilani maji baridi ya kisima.

Kazi waliyofanya ina vipande vitatu. Juu ya boila, kati ya boila na dohani, waliweka ikonomaiza: sanduku la chuma lenye koili ndani, moshi unapita nje ya koili na maji ya boila yanapita ndani. Moshi sasa unatoka kwenye nyuzi 160 hivi. Kuna kanuni mbili ambazo mafundi wa boila duniani kote wanazitumia, nazo nimeziona zikitimia kwetu: kila unapouteremsha moshi kwa nyuzi 22 unaokoa kama asilimia 1 ya mafuta, na kila unapoyapandisha maji yanayoingia boilani kwa nyuzi 6 unaokoa kama asilimia 1 vilevile. Hizo ni njia mbili za kupima kitu kimoja, msije mkazijumlisha. Kwa hiyo ikonomaiza peke yake ilituletea asilimia 4, haizidi hapo. Anayekuuzia ikonomaiza kwa ahadi ya asilimia 20, mwombe kipimo cha moshi wake.

Kipande cha pili ni bomba la kurudisha maji ya mvuke kutoka kwenye rola na draya hadi kwenye tangi la boila, na tangi lenyewe wakalivisha sufi ya kuzuia joto na bati juu yake. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote na ndiyo iliyolipa upesi. Walibadilisha pia trapu za mvuke, zile vali za kutoa maji na kuuzuia mvuke, zilizokuwa zimekwama wazi, zikipitisha mvuke mzima mzima. Kabla ya kununua chochote, nenda kakague trapu zako. Mwenye trapu mbovu anayefikiria kununua ikonomaiza anatupa pesa.

Cha tatu ni tangi la mferejini, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndicho kinachohitaji mkono wa mtu kila siku. Maji machafu ya moto yanaingia kwenye shimo lililojengewa saruji, yanapigwa na pampu kupita kwenye sahani nyembamba za chuma zilizopangwa pamoja. Upande mmoja wa sahani ni maji machafu, upande wa pili ni maji safi yanayokwenda kwenye mashine. Hayachanganyiki, yanapeana joto tu. Maji safi yanaingia na nyuzi 28, yanatoka na nyuzi 40 na kitu kabla mvuke haujayagusa. Tatizo ni manyoya ya taulo. Taulo mpya za hoteli zinatoa manyoya kupita kiasi, na manyoya yale yakichanganyika na sabuni yanakuwa utelezi wa kijivu unaoganda kwenye kila kitundu. Mafundi waliweka kichujio cha waya, kikapu kinachovutwa kwa mpini, na wakatuambia kisafishwe kila jioni. Sio kila wiki. Kila jioni. Binti anayefunga mashine hukivuta, hukikung'uta, hukipiga kwa maji ya bomba na kukirudisha, na bado geji ya pampu hupanda zaidi tukiwa na oda kubwa ya taulo za bwawa la kuogelea. Dobi ambayo haina mtu wa kufanya kazi hiyo isinunue kipande hiki. Anunue viwili vya mwanzo na atosheke.

Jambo jingine la huku kwetu ni maji. Malindi tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya bomba kutoka Baricho yakija ni mazuri, lakini hayaji saa zote, na kisima chetu kina chumvi na chokaa. Maji hayo ukiyapitisha kwenye koili ya moto bila kuyalainisha, chokaa inajenga ukoko ndani ya bomba, na koili inaacha kupokea joto hata kama kwa nje inang'aa. Mafundi walikataa kuwasha ikonomaiza mpaka mtambo wetu wa kulainisha maji utengenezwe. Kaka yangu aliudhika kwa kucheleweshwa. Mimi niliheshimu ile kauli yao kuliko kitu chochote walichofanya, kwa sababu wangeweza kuwasha, wakachukua pesa yao, wakarudi Mombasa.

Na kwa wenye boila zinazochoma mafuta mazito: msiige nyuzi zetu. Dizeli ya magari inayouzwa Afrika Mashariki tangu 2015 kwa kiwango kilichowekwa ina salfa kidogo mno, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ndiyo maana sisi tunaweza kuupoza moshi namna ile. Mafuta mazito yana salfa nyingi. Ukiupoza moshi wake kupita kiasi, salfa inageuka tindikali na kukaa juu ya koili kama umande, na chuma kinaliwa. Ulizeni fundi swali hilo kwanza. Akibabaika, mshukuruni kwa kuja.

Gharama yote, pamoja na saruji na umeme wa pampu, haikufika shilingi milioni moja na nusu. Tunaokoa kama lita 6,000 kwa mwaka, ambazo kwa bei niliyoitaja ni karibu shilingi milioni moja. Kwa hiyo kazi yote inajilipa ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, na ninaposema hivyo nimeshaondoa stima inayotumiwa na pampu.

Sasa kaboni.

Habari zilipoenea kwamba tumefunga mfumo huu, alikuja kijana kutoka kampuni ya udalali wa kaboni. Kijana mwenye adabu, "Shikamoo mama," akaketi, akanywa chai, akafungua kompyuta. Akasema moto tunaouokoa unaweza kugeuzwa vyeti, kila cheti ni tani moja ya hewa ya kaboni ambayo haikwenda angani, na kuna kampuni za ng'ambo zinazonunua vyeti hivyo. Hilo ni kweli. Biashara hiyo ina mizizi katika Mkataba wa Kyoto wa 1997, makubaliano ya nchi ya kupunguza hewa chafu, na kuvuna joto viwandani ni moja ya njia zilizotumika sana, hasa China na India kwenye viwanda vya saruji na chuma. Ndani ya tanuri la saruji mawe hupikwa hadi nyuzi 1,450, na hewa inayotoka bado ina nyuzi 300 na zaidi. Ukiifanya ichemshe maji na kuzungusha jenereta unaweza kupata kati ya moja ya tano na karibu theluthi ya stima ya kiwanda kizima. Huko tani zinahesabika kwa maelfu na maelfu.

Jedwali lake lilionyesha kwamba dobi yetu itaokoa tani 200 kwa mwaka. Nikamwambia, "Mwanangu, nionyeshe hizo tani zimetoka wapi."

Hesabu ni hii, na yeyote mwenye boila ya dizeli aikariri. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Kwa hiyo tani moja ni takriban lita 370. Tani 200 ni lita 74,000 na zaidi. Sisi mwaka mzima, kabla ya mfumo huu, hatukufika nusu ya hizo. Hata tungeizima boila, tukafunga mlango na kuanika shuka juani mpaka Ramadhani ijayo, tungeokoa tani 80 tu. Kijana hakuwa mwongo, naamini hivyo. Jedwali alipewa ofisini. Lilichukulia kwamba boila inawaka kwa nguvu zake zote usiku na mchana, mwaka mzima, jambo ambalo mtu aliyewahi kukaa Malindi mwezi wa Mei hawezi kuliandika. Na akiba ya stima liliihesabu kama vile stima hiyo inatoka kwenye makaa ya mawe. Stima ya Kenya sehemu kubwa inatoka kwenye mvuke wa ardhini Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana. Uniti moja inayookolewa hapa haiokoi kaboni sawa na uniti ya nchi inayochoma makaa. Hiyo ni neema yetu, lakini kwa muuza vyeti ni hasara.

Akiba yetu ya kweli, lita 6,000, ni tani 16. Vyeti vya namna hii mara nyingi huuzwa kwa dola chache. Hata nikiwa mkarimu nikaweka dola 10, ni dola 160 kwa mwaka, kama shilingi elfu 20. Mkaguzi anayetambuliwa kuja kuthibitisha tani hizo ni maelfu ya dola. Mkataba aliotuletea ulitaka ada ya usajili isiyorudishwa, na haki ya kuuza tani zetu zote kwa miaka 10. Linganisheni na milioni moja ya dizeli inayobaki mfukoni bila kumlipa mtu.

Lakini sikukataa kwa sababu ya hesabu peke yake. Kuna sharti ndani ya biashara hii ambalo nalipenda na nataka liheshimiwe: tani unayouza iwe ni tani ambayo bila pesa ya cheti isingeokolewa. Mnunuzi wa Ulaya anachukua cheti chako na kuendelea kutoa moshi wake, akisema Malindi wameshanipunguzia. Kama Malindi wangepunguza vyovyote vile, basi moshi wake umeongezeka na hakuna kilichopungua mahali popote. Sisi tulifunga mfumo kabla hatujamwona kijana huyo, na tuliufunga kwa sababu unajilipa. Kuuza tani zile kungekuwa kumuuzia mtu kitu ambacho hakipo. Na si sisi tu. Utafiti wa 2016 uliofanywa kwa ajili ya Tume ya Ulaya, kuhusu miradi iliyosajiliwa chini ya Kyoto, ulikuta kwamba miradi mingi ya nishati, na kuvuna joto viwandani kukiwa miongoni mwake, ilielekea kuwa ingejengwa hata bila vyeti. Soko lenyewe lilishawaumiza waliolitegemea: cheti kilichokuwa kikiuzwa zaidi ya yuro 20 mwaka 2008 kilikuwa chini ya yuro 1 mwisho wa 2012. Mwenye kiwanda aliyekopa benki akitegemea bei ya 2008 alibaki na deni.

Sisemi biashara yote ya kaboni haifai. Nimezaliwa Lamu, kwenye mikoko mingi kuliko mahali popote Kenya, na najua watu wa Gazi kule Kwale wanauza kaboni ya mikoko yao tangu 2013 kupitia Mikoko Pamoja, na pesa imeingia kwenye maji na shule za kijiji. Pale pesa ya cheti ndiyo inayolipa ulinzi wa mikoko. Ikiondoka, shoka linarudi. Hata kuvuna joto kuna mahali pake. Nikikumbuka jenereta za dizeli zilizokuwa zikiendesha mji wa Lamu kabla ya laini ya stima kufika kutoka Rabai kwa njia ya Malindi na Garsen, nasikitika. Jenereta ya dizeli inageuza kama theluthi tu ya mafuta kuwa stima. Theluthi nyingine inatoka na moshi, na nyingi ya iliyobaki inakwenda na maji ya kupoza mashine. Joto lile lilipulizwa juu ya mji usiku na mchana miaka nenda miaka rudi, na karibu hapo hapo wavuvi walikuwa wakihangaika kutafuta barafu, ilhali kuna mitambo ya barafu inayoendeshwa kwa joto. Mradi kama huo, mkubwa, ghali, wa dizeli tupu, ambao hakuna mfanyabiashara wa kawaida angeuthubutu bila msaada, ndio cheti kingefaa kuulipia. Kenya sasa ina marekebisho ya sheria ya tabianchi ya 2023 na kanuni za masoko ya kaboni za 2024. Ni vizuri madalali wapitishwe humo kabla ya kufungua kompyuta mezani kwa mtu.

Kilichotufaa zaidi kuliko vyeti sikukitarajia. Hoteli moja ya Watamu ilituuliza kilo moja ya nguo zao inachoma dizeli kiasi gani, kwa kuwa wageni wao wanawauliza mambo hayo. Tulikuwa tunapima mafuta na tunapima kilo, kwa hiyo jibu lilikuwepo: kabla ilikuwa kama mililita 150 kwa kilo, sasa ni 120. Tukawaandikia barua, wakatuongezea vitambaa vyote vya mgahawa. Na hapa tahadhari kwa anayetaka kusaini kaboni: ukishamuuzia mtu tani zako, barua kama hiyo huwezi kuiandika tena kwa haki, maana punguzo si lako tena.

Malalamiko yangu kwa mafundi ni mawili. Maelezo ya matunzo walituachia kwa Kiingereza cha kitabu, ikabidi mpwa wangu akae na ami wayaandike upya kwa Kiswahili na kuyabandika ukutani karibu na bana, kile kichomea dizeli cha boila. Na vali ya baipasi, ile ya kuupitisha moshi kando ya ikonomaiza wakati wa kuwasha boila ikiwa baridi, waliiweka juu mno. Ami na umri wake anapanda ngazi. Wameahidi kuiteremshia mnyororo. Kazi yenyewe haina doa: maungio hayavuji, sufi imefungwa vizuri, na walirudi bila kuitwa kupima moshi tena msimu ulipochanganya.

Bado draya zinapuliza hewa ya moto nje ya ukuta, na paka wa mtaa mzima wanalala pale. Ni hewa yenye unyevu na manyoya, kwa hiyo koili yake lazima iwe ya kufunguka na kuoshwa. Wametupa bei, si ndogo. Tutaiagiza Aprili hoteli zikifunga, kwa mafundi wale wale.